Mwaka wa Sanduku la Ukungu

Mwezi uliopita Nyanzala alirudi Mwanza kwa wiki mbili, akatuita watu wachache tule naye chakula cha mchana pale Kisesa, kwenye mgahawa wenye bustani karibu na njia ya kwenda Bujora. Nilifika kabla ya wote, hata viti vilikuwa havijapanguswa, kwa sababu nikichelewa dakika moja viganja vyangu hutoka jasho. Alikuja na mwenzake anayefanya naye utafiti ng'ambo, katika maabara ambako watu hugonganisha chembe ndogo kuliko zote na kutazama kinachoruka. Akanishika bega, akamwambia yule mgeni, "Huyu ndiye aliyenifundisha fizikia." Nina miaka thelathini na nne, na bado nikisikia maneno kama hayo nasubiri mtu ainuke kutoka meza ya nyuma aseme si kweli. Samaki aina ya sato aliletwa mzima, amekaangwa vizuri, nami nikamla upande mmoja tu. Tulipoagana Nyanzala akasema, "Madam, ule mwaka wetu wa kidato cha tatu uuandike. Ila usiupike." Mgeni akauliza kupika nini. Tulicheka sisi wawili, hatukumjibu. Nimeanza kuuandika mara sita. Hii ni ya saba, na nimejiapiza kutoifuta.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na tatu, mwalimu wa kujitolea katika shule moja ya kata upande wa Buswelu. Jina la shule siliandiki, maana kosa nitakalolieleza lilikuwa langu, si la shule. Sikuwa na shahada wala stashahada. Fizikia ya kidato cha sita nilipata alama ambayo mpaka leo siitaji kwa sauti. Nilichokuwa nacho ni simu yenye kioo kilichopasuka pembeni na vitabu nilivyopakua bure, nilivyovisoma kurasa mbilimbili katika chumba cha kupanga chenye kitanda, ndoo na meza moja. Nilijifundisha hivyo, peke yangu, mpaka nikafika kwenye chembe: protoni imejengwa na nini, muoni ni nani, kwa nini inaishi muda mfupi vile. Maneno mengi niliyajua kwa macho tu, masikio yangu yalikuwa hayajawahi kuyasikia. Kwa hiyo nilipoyatamka mbele ya darasa niliyasema haraka na kwa sauti ndogo, kama mtu anayempita mbwa asiyemjua. Notisi za somo moja niliziandika mara nne. Nikiona herufi imelala ubaoni nilifuta mstari mzima. Wanafunzi walidhani huo ni ujuzi. Ulikuwa woga.

Mkuu wa shule, Mwalimu Mabula, alikuwa Msukuma wa makamo aliyefundisha hesabu muda mrefu kiasi kwamba baadhi ya wazazi waliokuja kikaoni walisimama kumsalimia kwa hofu ya zamani. Kila asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo mwalimu," naye akajibu, "Marahaba. Mwangaluka, nshomile." Mwangaluka ni salamu ya asubuhi ya Kisukuma. Nshomile kwa Kihaya maana yake ni "nimesoma", na nchi nzima hututania sisi watu wa Kagera kwa neno hilo, kwamba tunapenda kujivunia elimu. Alilisema kwa upendo kabisa. Hakujua kuwa kila asubuhi alikuwa ananichoma mahali penye kidonda, kwa sababu mimi ndiye Mhaya ambaye hakusoma. Nilicheka pamoja na wengine chumba cha walimu, nikimega matobolwa kutoka sahani ya pamoja, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikakaushwa, na kuyatafuna na karanga. Sahani ile ilikuwa haikauki. Mke wa Mwalimu Mabula alituma nyingine kabla ile ya kwanza haijafika chini, na maongezi yote ya shule, nani ahamishwe, nani kafiwa, darasa lipi limeshindikana, yalipita juu ya sahani ile.

Mwezi wa pili iliingia barua kutoka kwa mtafiti wa chuo kikuu kimoja Dar es Salaam, nitamwita Daktari Hawa. Alikuwa anatafuta shule chache, kutoka pwani mpaka ziwani, zitengeneze kifaa cha kuonyesha chembe zinazotunyeshea kutoka angani, zihesabu njia za chembe hizo kila wiki na kumtumia hesabu. Mwishoni mwa mwaka wanafunzi wawili kutoka kila shule itakayomaliza kazi wangekwenda Dar kueleza walichokiona, mbele ya watafiti. Mwalimu Mabula alinikabidhi barua ile mbele ya walimu wote. "Hii ni ya nshomile," akasema. Nikaipokea kwa mikono miwili.

Chumba tulichokiita maabara kilikuwa na meza ndefu bila bomba, chati moja ya moyo wa ng'ombe, na magunia ya mahindi na maharage ya makande ya shule yaliyopangwa ukutani. Dirisha lake lilitazama bondeni, na kati ya mawe makubwa mawili kilionekana kipande cha ziwa, upana wake kama mkanda. Humo ndimo tulijenga sanduku la ukungu. Kwa mtu asiyelijua, ni chombo cha kioo kilichofungwa vizuri, juu yake kuna sponji iliyoloweshwa spiriti, chini yake kuna bamba jeusi lenye baridi kali kuliko friji ya barafu. Mvuke wa spiriti hushuka, hukutana na baridi, huwa ukungu mwembamba sana. Chembe kutoka angani ikipita humo huacha mstari mweupe, mwembamba kama uzi wa buibui, unaodumu sekunde moja au mbili kisha huyeyuka. Chembe yenyewe huioni. Unaona ilipopita.

Spiriti safi ya kutosha tuliipata kwa mafundi wa simu mjini, wanaoitumia kuoshea ndani ya simu zilizoingia maji. Vigae vya kupozea tulivitoa kwenye mashine mbili mbovu za maji ya kunywa. Ukivipitishia umeme upande mmoja hupoa na wa pili huchemka. Umeme wenyewe ulitoka kwenye tumbo la kompyuta iliyokufa ofisini kwa mkuu. Upande unaochemka ulitakiwa kukaa kwenye maji ya barafu, na barafu ililetwa na Doto. Doto alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu kutoka Igombe, mjomba wake alinunua sangara pale mwaloni boti zinapopakua, na kila Jumanne na Alhamisi alifika na ndoo ya barafu iliyopondwa iliyofungwa baiskelini kwa mpira. Barafu ile ilinuka samaki. Maabara ikanuka samaki, spiriti na maharage, na wanafunzi wa vidato vingine wakipita dirishani walishika pua.

"Doto, mnapika nini humo?"

"Ulimwengu," Doto alijibu. "Njoo na sahani yako."

Nyanzala alikuwa kinyume chake. Mrefu, mkimya, wa kijiji cha nyuma ya Kisesa, aliyekaa kwa shangazi yake Buhongwa na kutembea na kuungaunga usafiri kila siku kuvuka mji mzima. Alikuwa na tabia ya kuuliza swali moja tu kwa kipindi, mwishoni, wakati mimi nimeshaanza kufuta ubao, na lilikuwa swali ambalo nililazimika kwenda kulilalia. Mara tatu tulijaribu sanduku likakataa. Mara ya kwanza kioo kiliingiza hewa, mara ya pili kigae kiliungua, mara ya tatu nilikuwa nimekiweka juu chini, na hiyo ilikuwa yangu peke yangu, nikaenda chooni kulia. Mara ya nne, saa nne asubuhi, Nyanzala aliyekuwa ameinamia kioo akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akanishika kitambaa cha blauzi.

"Madam. Kuna kitu kimechora."

Tukasongamana wote. Ukungu ulikuwa unashuka kama manyunyu yanayoonekana mbali upande wa visiwa. Kisha mstari ukakata, mnyoofu, mweupe, kutoka kona hadi kona, ukayeyuka. Ukaja mwingine. Kisha kikatokea kifupi kinene, kama kipande cha uzi wa mkeka, na Doto akauliza huyo tena nani, nikawaambia hicho hakitoki juu, kinatoka kwenye hewa yenye mionzi inayovuja kutoka kwenye mawe yetu haya haya, mawe ya Mwanza yana hewa hiyo. "Kwa hiyo," Doto akasema, "vyembamba vya mbinguni, vinene vya nyumbani." Tangu siku hiyo ndivyo tulivyoviita. Tulihesabu vya mbinguni tu. Nimefundisha vipindi vingi tangu hapo, lakini nikiulizwa ni saa ngapi ya maisha yangu ningeirudia, ningesema ile saa nne.

Sasa nifike ninapopaogopa. Shuleni kwetu, kama shule zote nilizosoma, mwanafunzi ana daftari la rafu na daftari safi. Unapofanya kazi ya vitendo unaandika kwenye rafu kwa penseli, haraka haraka, kisha unahamishia kwenye safi kwa kalamu, kwa rula, na safi ndilo linalosahihishwa. Na kati ya rafu na safi, wote tuliosoma hivyo tunajua, kuna jiko. Mwalimu ameshakuambia jibu sahihi la mvutano wa dunia ni tisa nukta nane. Bembea yako imekupa nane nukta tisa. Unarekebisha kidogo hapa, kidogo pale, mpaka vinukta vyote vinakaa kwenye mstari kama watoto wa chekechea, unapata alama zako. Tunaita kupika data. Mimi nilipika vizuri kuliko wote darasani kwangu. Wala sikuona kuwa ni uongo. Nilidhani jibu la kweli liko kitabuni, na macho yangu ndiyo mabovu.

Tulikubaliana Nyanzala na Doto wahesabu kwa zamu, dakika moja moja, na kuandika kwenye rafu. Mimi ningehamishia kwenye safi na kumtumia Daktari kwa simu. Nikawa nachukua rafu Alhamisi jioni, naketi mezani kwangu na kikombe cha chai. Nne. Tisa. Sita. Kumi na moja. Tatu. Nane. Nilipoziona mara ya kwanza nilizisoma upya kutoka juu. Sanduku moja, mahali pamoja, anga lile lile, inakuwaje dakika moja chembe tatu na nyingine kumi na moja? Kichwani nilimwona Daktari Hawa akisoma, akimwuliza mwenzake, huyu mwalimu wa Mwanza amesomea wapi. Nikajiambia tatu ni mtoto aliyesinzia, na kumi na moja ni mtoto aliyetaka ziwe nyingi. Nikachukua kalamu nikasahihisha, kama ninavyosahihisha herufi iliyoandikwa vibaya. Sita. Saba. Saba. Sita. Saba. Safu ilikaa vizuri sana. Niliitazama nikajisikia nimetulia, na mtu mwenye wasiwasi kama wangu akipata utulivu haulizi umetoka wapi. Nilifanya hivyo wiki saba.

Mwezi wa saba, shule ilipofunguliwa, Daktari Hawa alinipigia. Sauti yake ilikuwa ya upole, na hilo lilinitisha zaidi.

"Mwalimu, hesabu zenu ni nzuri."

"Ahsante, Daktari."

"Ni nzuri mno. Umewahi kusikiliza mvua inapoanza kudondoka kwenye bati? Linadondoka tone moja, kimya, matatu kwa mpigo, kimya. Haidondoki kwa zamu. Na hizi chembe haziji kwa zamu. Zenu zimekuja kwa zamu wiki saba. Huo ni mkono wa mtu. Nadhani watoto wameogopa wakakuandikia unachotaka kuona. Huwa inatokea. Hebu waulize."

Nikasema, "Nitawauliza."

Neno hilo moja. Ningeweza kusema ni mimi, mtandao ulikuwa mzuri, alikuwa ananisikiliza. Nilisema nitawauliza, nikakata simu, nikaketi juu ya gunia la maharage.

Daktari alikuwa amempa taarifa na mkuu wa shule pia, kama taratibu zilivyotaka. Mwalimu Mabula aliniita ofisini mchana ule. Alikuwa ameshawaambia wazazi kikaoni kwamba watoto wetu watakwenda kuzungumza mbele ya watafiti, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeaibishwa sokoni.

"Nani walikuwa wanaandika?"

"Nyanzala na Doto, mwalimu."

Lilikuwa jibu la kweli, na sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko huo.

Akawaita. Walisimama mbele ya meza, mikono nyuma. Doto, ambaye siku zote alikuwa na la kusema, alitazama viatu. Nyanzala alisema, "Tuliandika tulichokiona, mwalimu." Mwalimu Mabula akamwambia kinachoonekana hakiwezi kunyooka hivyo, yeye ni mtu wa hesabu. Nyanzala akarudia maneno yale yale, chini zaidi, na kwa sekunde moja akanitazama. Nikajifanya napanga karatasi. Adhabu yao ilikuwa kuchimba shimo la taka nyuma ya jiko, siku tatu, vipindi vya mchana. Majina yao yakaondolewa kwenye kazi ile. Barua ya kujitoa kwenye kazi ya Daktari ingetumwa Ijumaa.

Siku ya pili nilikwenda jikoni kuchukua chai. Ukuta wa nyuma wa jiko ni mabati, na upande wa pili wake nikasikia jembe, kisha likasimama.

"Labda ni macho, wewe," Doto alikuwa anasema. "Bibi yangu alianza hivi hivi. Mwisho akawa anaamkia mbuzi."

"Usinichekeshe."

"Sasa unadhani nini? Madam hakosei. Yule anafuta ubao mzima kwa sababu ya nukta."

Nikasikia Nyanzala akikwangua udongo kwenye jembe. "Siku ile niliandika kumi na moja," akasema. "Niliziona kumi na moja."

"Zilikuwa ngapi kweli?"

"Saba, labda. Nilitaka ziwe nyingi."

"Basi. Na mimi tatu zangu huenda nilisinzia. Wakilirudisha lile sanduku, aangalie mwingine. Mimi siangalii tena."

Jembe likaanza upya. Nilisimama na kikombe mkononi, mpishi akaniuliza kama chai imeharibika. Nilikuwa nimehofia kudharauliwa na watu wa Dar. Sikuwa nimefikiria hata mara moja kwamba naweza kumfanya mtoto mwenye macho mazuri kuliko yangu ayakatae macho yake, tena kwa sababu zile zile nilizozitumia mezani kwangu, neno kwa neno. Alisinzia. Alitaka ziwe nyingi. Walikuwa wamezifikia wenyewe, wakizitafuta ili mimi nibaki mtu asiyekosea.

Asubuhi ya Ijumaa nilimwamkia Mwalimu Mabula kabla hajaniamkia kwa utani wake. Sahani ya matobolwa ilikuwa mezani kwake. Niliweka mbele yake madaftari yote ya rafu, na daftari safi. Nikasema, "Mwalimu, mkono ni wangu." Alisoma safu kwa safu, kidole kikishuka. Nilimwambia kila kitu, pamoja na alama yangu ya kidato cha sita, ambayo hakuwa ameniuliza.

"Kwa nini?" akauliza.

"Zilikuwa zinarukaruka."

Akamega tobolwa, akalitafuna taratibu, akameza. "Mimi darasa zima likinipa jibu moja, najua wamenakili. Hizi mwanzoni nilipoziona zimenyooka, nikafurahi." Akafunga daftari. "Na nimewachimbisha shimo." Nikaanza kuomba radhi akainua kiganja. "Usiniombe mimi, binti yangu. Waliochimba wako darasani. Twende."

Alisimama mlangoni, hakuingia mbele. Nilichora mstari katikati ya ubao. Upande mmoja nikaandika hesabu za rafu, upande wa pili nilizotuma. Sikuwa na notisi. Kwa mara ya kwanza mwaka ule nilizungumza nisichokuwa nimekiandika mara nne. Niliwaambia Nyanzala aliona kumi na moja kwa sababu zilikuwa kumi na moja, na Doto aliona tatu kwa sababu zilikuwa tatu, na kwamba aliyekuwa haoni ni mimi. Niliwaambia pia sikusoma chuo. Mwalimu Mabula akasema kutoka mlangoni, "Na mimi niliadhibu bila kuuliza vizuri. Samahanini." Mkuu wa shule kuomba samahani kwa kidato cha tatu lilikuwa jambo geni kiasi kwamba wengine walisimama, hawakujua wafanye nini tena.

Doto akanyoosha mkono. "Madam, lile shimo."

"Ndiyo, Doto."

"Limenifika kiunoni. Linafukiwa au tunapewa cheti?"

Darasa likacheka, na mimi nikacheka huku machozi yananitoka. Nyanzala hakucheka. Alisimama.

"Madam, naomba usikasirike."

"Sikasiriki."

"Tukianza tena, kalamu usishike wewe."

Nje mpishi alikuwa anapasua kuni. Nakumbuka alipasua mara mbili kabla sijajibu. Nikasema sawa.

"Na sandukuni usiangalie."

"Nifanye nini sasa?"

Alifikiri, kama alivyokuwa akifikiri kabla ya yale maswali yake. "Ushike saa. Ukae umegeukia dirishani. Useme anza, useme basi."

Mchana ule nilimpigia Daktari Hawa mbele yao, sauti ikiwa wazi ili wasikie. Nilimwambia watoto waliandika sawa, aliyezipika ni mimi. Akasema, "Mwalimu, hizo wiki saba siwezi kuzitumia, hata hizo za rafu, maana sasa zimeshapita mikononi mwako. Anzeni upya. Mkimaliza mwezi wa kumi mtakuja. Msipomaliza, hamji." Barua ya kujitoa haikutumwa. Jumatatu Mwalimu Mabula alinipokea getini: "Mwangaluka, mshika saa." Hilo halikunichoma.

Nitasema mapema kilichotokea ili msomaji asihangaike. Walimaliza, wakaenda. Mwezi wa kumi na moja nilikaa safu ya nyuma katika ukumbi wenye viyoyozi Dar es Salaam, nikamsikiliza Nyanzala akieleza kwamba mlimani kwetu, juu ya ziwa, chembe zilizohesabiwa zilikuwa nyingi kuliko za shule ya pwani. Mzee mmoja mtafiti akamwuliza ana uhakika gani. Akajibu, "Inawezekana ni kwa sababu sisi tuko juu, hewa ni nyembamba. Inawezekana ni sanduku letu si sawa na lao. Hatujui bado." Yule mzee akaandika kitu. Doto akaeleza grafu, ambayo vinukta vyake vilikuwa vimetawanyika kama kuku waliotupiwa mahindi, na hakuomba radhi kwa hata kimoja. Kwenye bango lao waliandika kila mtu na kazi yake. Jina langu lilikuwa la mwisho: mshika saa. Nimepata vyeti vingine baadaye, hata shahada niliipata, kwa masafa, nikiwa na miaka thelathini. Kile cha bangoni hakikuwa cheti, na ndicho ninachokitaja nikitaka kujisifu.

Lakini ninayoikumbuka zaidi ni siku moja ya mwezi wa kumi, Alhamisi, mvua za kwanza zimeanza. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda changu, kisogo kwa sanduku, macho kwenye kile kipande cha ziwa kilichokuwa kimegeuka kijivu. Miezi mitatu nilikuwa sijaona mstari hata mmoja. Nilikuwa nimejifunza kusikiliza. Nyanzala akihesabu aligusa meza kwa ukucha, pigo moja kwa kila mstari, na Doto aliandika. Tulibakiza dakika chache tu kazi iishe. Nikasema, "Anza." Mshale wa saa ukaanza kuzunguka. Nikasikia pigo moja. Kisha kimya. Sekunde ishirini, thelathini, arobaini, kimya. Kila kitu ndani yangu kilitaka kugeuka: huenda spiriti imekauka, barafu imeyeyuka, mtoto amesinzia, tuirudie hii, hii haifai, nani atatuamini na hii. Nilishika pande za kigoda. Mvua ilikuwa inadondoka kwenye bati, moja, kimya, matatu. Nikasema, "Basi."

"Ngapi?" Doto akauliza.

"Moja," Nyanzala akasema.

Nilisubiri kusikia anasita. Nilisubiri Doto aseme mzaha, au aulize kama ana hakika. Nikasikia kalamu ikiandika, fupi, mara moja, kisha ukurasa ukinyooshwa kwa kiganja.

"Tunaendelea, madam," akasema Nyanzala.

Nikarudisha macho kwenye saa, nikasema anza.